Kizibo cha Mninga

Mzee Murtaza alipotimiza siku arobaini tangu azikwe, wanawe walinipigia simu niende kwenye dua. Nilikwenda kwa kuwa ndiye aliyeniajiri wakati ambapo hakuna gereji nyingine Kinondoni iliyokuwa tayari kumpa mwanamke spana, na nilikwenda kwa moyo mwepesi kwa sababu nilidhani Fundi Mbwana hatakuwepo. Niseme ukweli mapema. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikipanga njia zangu katika mji huu ili nisikutane na mtu huyo mmoja. Nilisikia anaishi Kigamboni, basi Kigamboni sikwenda. Watu wakinialika harusi ya huko nilikuwa naumwa, na daraja lilipojengwa, kisingizio cha foleni ya pantoni kikaisha, nikatafuta kingine. Siku ya arobaini niliingia uani, nikavua viatu, nikainua uso, na mtu wa kwanza niliyemwona chini ya turubai la wanaume alikuwa yeye, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, kanzu imempwaya, anakunywa chai kwa kumimina kwenye kisosi kama alivyokuwa akifanya zamani. Nikapita haraka kwenda upande wa wanawake. Dua nzima sikuisikia.

Gereji ya Mzee Murtaza ilikuwa uani mwa nyumba ya zamani, nyuma ya kiwanda kidogo cha mikate. Vyumba vyenye kuta vilikuwa viwili tu, ofisi yake na stoo ya spea, navyo vilitenganishwa na plaiwudi nyembamba kiasi kwamba ukiwa stoo ulimsikia Mzee akigeuza kurasa za gazeti. Kazi yote nyingine ilifanyika chini ya bati, juu ya mchanga uliolowa oili mpaka ukawa mgumu. Asubuhi tulifanya kazi katika harufu ya mikate na mchana katika harufu ya dagaa wa mama lishe aliyepika getini. Tulikula tumekalia ringi za magari, sahani magotini, na siku za Ijumaa mke wa Mzee alituletea sufuria ya wali wa zabibu kavu ambao mafundi walilalamika kuwa una sukari, kisha wakaumaliza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ufundi na cheti kwenye bahasha, na wiki ya kwanza kazi yangu ilikuwa kuosha nati kwa petroli. Fundi Mbwana ndiye aliyenitoa huko. Alinishika mkono mbele ya wenzake, akaniweka chini ya gari, akaniwekea mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye giaboksi. "Sikiliza," akasema. "Giaboksi haisemi uongo. Mtu atakwambia uongo, giaboksi haisemi." Nimeajiri mafundi wengi tangu siku ile, na wote nimewafundisha hivyo hivyo, na bisibisi sikioni.

Ilikuwa miaka ya ruksa, bandari imefunguka, na magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kushuka kwa wingi. Waliokuwa wakipanda baiskeli walinunua magari, na walionunua magari walikuja kwetu. Tatizo ni kwamba magari yenyewe yalikuwa yanabadilika kila mwaka huku sura zikibaki zilezile. Nakumbuka mazungumzo ya mchana mmoja, sahani zikiwa bado na mabaki ya maharage. Fundi mmoja alisema gari lililoingia asubuhi ni la fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta, lakini hana pa kuiwasha. "Lile la mwezi uliopita lilikuwa na kitufe kwenye mkono wa gia," akasema. "Hili halina." Mwingine akamjibu, "Kama halina kitufe, basi si fowili." "Imeandikwa nyuma." "Wajapani wanaandikaga tu, braza. Hata kwenye shati wanaandika." Tukacheka. Kitabu cha gari kilikuwa ndani ya droo ya dashibodi, kizuri, kina michoro, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusoma herufi moja ya Kijapani.

Leo naweza kueleza kwa sentensi chache kitu kilichotuzungusha vichwa mwaka mzima. Otomatiki za mwanzo zilivuta kwa magurudumu ya mbele, na dereva alipobonyeza kitufe, presha ya oili ilikwenda kubana pleti zilizo mkiani mwa giaboksi, na magurudumu ya nyuma nayo yakaanza kuvuta. Dereva ndiye aliyeamua. Matoleo yaliyofuata yakaondoa kitufe, na uamuzi ikapewa giaboksi yenyewe. Kuna kompyuta ndogo inayoangalia mwendo na mguu wako kwenye mafuta, kisha inaiamuru vali iliyo mkiani ibane pleti kwa nguvu au izilegeze. Vali hiyo ikikosa umeme, pleti zinabaki zimebana moja kwa moja. Na zikibana moja kwa moja kwenye lami, ukikata kona kali gari linagoma, linajivuta na kugonga kwa chini, kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti na hayaruhusiwi. Wateja wetu walizidisha shida kwa kufunga matairi ya mtumba, mbele saizi hii na nyuma saizi ile. Waliokuja kwetu walisema maneno mawili tu: linagoma kona, na linakula mafuta.

Dawa ya gereji nzima, na ya mji mzima, ilikuwa kutoa propela, yaani ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Ukishautoa, gari linavutwa na mbele peke yake na kelele inakwisha. Linabaki tundu mkiani mwa giaboksi, na hapo ndipo palipokuwa na sifa ya Fundi Mbwana. Alikuwa na magogo ya mninga chini ya meza yake. Alichonga kizibo kwa kisu kidogo, akakivika mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akakigonga tunduni na kukifunga kwa klipu ya paipu. Kwenye magari ya gia za mkono vizibo vyake vilikaa miaka. Watu walitoka hadi Buguruni kufuata kizibo cha Mbwana, na yeye akikichonga aliwatuma wenzake kununua sigara au kuleta maji, wasione anavyokata pembe za mwisho.

Usimlaumu. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya ufundi. Kila mtu alikuwa na kitu chake, na akifika hapo alikutuma. Aliyejua kurekebisha kabureta ya aina fulani aligeuza mgongo. Aliyejua kupima taimingi bila kifaa alisubiri muondoke. Mimi nilituma pia, mara nilipopata changu.

Nilikipata Ijumaa moja, wanaume wote walipokwenda msikitini na mimi nikabaki na gari la mwalimu mmoja wa sekondari, lile lisilo na kitufe. Nilikuwa nimeshaona ndani ya boneti, karibu na ukuta wa dashibodi, kiboksi kidogo cheusi chenye kifuniko, kitupu kabisa, kimeandikwa herufi tatu za Kiingereza: FWD. Niliwaza kwamba hakuna Mjapani anayetengeneza nyumba ya fyuzi kisha akasahau kuweka fyuzi. Basi nikaweka yangu. Kwenye dashibodi ikawaka taa ambayo sikuwahi kuiona, nayo ina herufi zilezile. Nikalipeleka gari nyuma ya gereji penye mchanga laini, nikakanyaga mafuta. Mchanga uliruka mbele tu. Nikazima, nikatoa fyuzi, nikakanyaga tena, na mchanga ukaruka mbele na nyuma. Nikarudia mara tatu. Kisha nikakata kona kali na fyuzi ikiwa ndani, na gari lile lililokuwa likigoma likageuka kimya. Kumbe fyuzi ile inaipelekea vali umeme wa kudumu, vali inaachia pleti, na magurudumu ya nyuma yanapumzika. Hakuna cha kufungua wala cha kuchonga. Nilikaa kwenye usukani nikicheka peke yangu.

Wanaume waliporudi sikusema kitu. Nilimwambia mwalimu, "Nimesafisha vali," na mwalimu akaondoka akiwa na furaha. Gari la pili la aina ile lilipokuja nikamtuma mwenzangu tochi ambayo sikuihitaji. La tatu nikamtuma maji. Baada ya mwezi watu walianza kufika getini wakimuulizia yule dada. Sijui kama msomaji anaelewa maana ya jambo hilo kwa msichana ambaye miezi michache nyuma alikuwa akiosha nati. Nilikuwa nalala nikiliwaza na kuamka nikiliwaza. Fundi Mbwana mwenyewe alinipongeza. "Nasikia una mkono," akasema. Nikamjibu, "Ni wewe fundi uliyenifunza." Hakuniuliza zaidi, nami sikuongeza.

Kisha akaja Bi Nasra. Huyu alikuwa mpishi wa shughuli, jirani wa Mzee Murtaza wa miaka mingi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika hadi kwenye mikate. Alikuwa amenunua gari refu la kubebea masufuria, toleo jipya, otomatiki, halina kitufe. Nilikuwa chini ya gari jingine, naona miguu yao tu.

"Linanigomea kona, Mbwana," Bi Nasra alisema. "Na mafuta linakunywa kama limetoka jangwani. Jumamosi nina harusi Boko, watu mia tatu, pilau napikia hapahapa kwangu nalipeleka la moto. Mie siwezi kwenda na gari linalorukaruka."

"Tunatoa propela, jioni unachukua," akasema Fundi Mbwana.

"Wameniambia kuna dada hapa anatengeneza bila kutoa chochote."

"Dada yupo," akasema Fundi Mbwana. "Lakini wewe umekuja kwangu."

Nilitoka chini ya gari, nikamwamkia Bi Nasra, nikajifuta mikono. Yeye akaondoka. Fundi Mbwana akafungua boneti, akasimama akiangalia ndani muda mrefu, kisha akaifunga. Akaingia chini, akatoa propela. Nilijua alichokuwa anakikosea. Kwenye gari la gia za mkono oili ya pale mkiani inatulia tu, lakini kwenye otomatiki hii mkia ule ndio giaboksi yenyewe, oili nyekundu ina presha na moto, na mhimili wa ndani unaendelea kuzunguka hata kama hauna kitu cha kuzungusha. Kizibo cha mti kitasagwa. Sikuwa na hakika kitasagwa lini, ila nilijua kitasagwa.

Siku ile hakumtuma mtu yeyote maji. Alivuta ringi akaja kukaa hatua mbili kutoka nilipokuwa, akaanza kuchonga. Alichonga polepole kuliko nilivyowahi kumwona, anageuza mti, anapuliza vumbi, anapima kwa dole gumba. Mara mbili aliniangalia. Mara ya pili akaninyooshea kizibo. "Unasemaje, mwanangu," akauliza, "mninga huu utafaa?"

Nikakishika. Kilikuwa kizuri sana. Nikamrudishia. "Utafaa, fundi," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nataka nini. Sikutaka afukuzwe, Mungu ni shahidi. Nilitaka kizibo kivuje kidogo. Nilitaka gari lirudi Jumatatu lina doa jekundu chini yake, Bi Nasra alalamike, na mimi niitwe mbele ya watu, nifungue kiboksi changu, niweke fyuzi, watu wote waone. Nilikuwa nimeshaipanga hata sentensi ya kusema. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule, na sioni faida ya kujipaka rangi nyingine sasa.

Gari halikusubiri Jumatatu. Jumamosi saa sita mchana, njia ya Bagamoyo, kizibo kilitoka, oili ikamwagika barabarani, na dereva wa Bi Nasra hakujua maana ya taa iliyowaka, akaendelea kukanyaga mpaka pleti zikaungua na gari likasimama linatoa moshi. Pilau la watu mia tatu lilikaa juani pembezoni mwa barabara zaidi ya saa mbili. Lilipofika Boko kwa lori la mchanga, nusu ya wageni walikuwa wameshaondoka na nyama imeanza kuchacha. Mama wa bibi harusi alilia mbele za watu. Kwa mpishi wa shughuli hakuna msiba mkubwa kuliko huo, kwa kuwa shughuli moja ndiyo inayoleta nyingine.

Jumatatu nilikuwa stoo napanga fani belti nilipomsikia Bi Nasra upande wa pili wa plaiwudi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Murtaza," alisema, "mie nilimwambia kuna dada. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu." Alipotoka, Mzee akamwita Fundi Mbwana. Nikasikia kiti kikivutwa.

"Bi Nasra lazima nimtafutie giaboksi nyingine," Mzee alisema. "Hilo langu. Lakini mji mzima unajua gereji yangu imemwagia watu harusi. Kwa nini hukumpa Mwanaidi?"

Mwanaidi ndiye mimi. Nilisimama na fani belti mkononi. Kati yangu na wao palikuwa na unene wa ubao mmoja, na mlango haukufungwa. Maneno yaliyohitajika yalikuwa machache: Mzee, nilijua, na sikumwambia. Nikasubiri Fundi Mbwana aseme kwamba alinionyesha kizibo nikasema utafaa. Nilijiambia akisema hivyo tu, nitatoka.

"Kosa langu," akasema Fundi Mbwana. "Nilidhani ni kama yale mengine."

"Basi chukua boksi lako, Mbwana. Naona uchungu, lakini chukua."

Alikusanya vitu vyake bila haraka. Magogo ya mninga aliyaacha. Alipopita mlango wa stoo alisimama, akaniona, akasema, "Yale ya mwaka huu yana siri, mwanangu. Uyaangalie vizuri." Nikamwambia, "Sawa, fundi, shikamoo," mchana wa saa tano, mtu niliyekwisha kumwamkia asubuhi. Hakuna gereji iliyomchukua baada ya hapo. Habari ya pilau ilikwenda kila alikokwenda, na watoto wa mtaani wakampa jina ambalo sitaliandika. Meza yake nikapewa mimi.

Fyuzi ile ilinijengea maisha. Miaka michache baadaye nilifungua gereji yangu Temeke, na kibao chake kinasema giaboksi za otomatiki, na watu wamenilisha na kunivisha. Matoleo yaliyokuja yalihamisha kiboksi, mengine yakakiondoa kabisa, na leo kijana yeyote mwenye simu anapata kwa dakika mbili kile nilichokificha mwaka mzima. Gerejini kwangu kuna sheria moja wanayoichekea: hakuna kumtuma mtu maji. Ukifungua kitu, wote wanasogea kuona. Wanadhani nina roho nzuri. Siwasahihishi.

Dua ilipokwisha na sinia zimeondolewa, nilitafuta viatu vyangu nikamkuta Fundi Mbwana amekaa karibu navyo. Naamini alikuwa ananisubiri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti. Akanieleza kwamba anatengeneza pampu za visima, mikono bado inakubali, sikio moja limekufa. Nikaona kwamba nisiposema hapo sitasema tena. Nikamwambia yote, kuanzia Ijumaa ya mchanga mpaka neno "utafaa." Nililia, na nilikuwa nimeapa sitalia mbele yake.

Alinisikiliza huku akigeuza kisosi. "Fyuzi yako niliiona," akasema. "Gari la yule mwalimu lilirudi kubadilishwa breki, wewe hukuwepo. Nikafungua boneti, nikaona fyuzi mahali ambapo hapajawahi kuwa na fyuzi. Nikajua hii ni ya Mwanaidi."

"Sasa kwa nini hukuniuliza, fundi?"

"Nikuulize wewe?" Akatabasamu kidogo. "Nilikutoa kwenye kuosha nati. Niende nikakwambie mwanangu nifundishe? Niliona haya. Nikasema nitachonga mbele yake, taratibu, mpaka aseme mwenyewe. Hukusema. Nikakuuliza kwa njia ya mti, nayo ukanijibu utafaa. Basi na mimi nikakiweka, kwa hasira tu. Nilijua hakifai."

Mtoto mmoja wa Mzee akapita akikusanya vikombe, tukamngojea apite. Turubai lilikuwa linafunguliwa upande wa pili.

"Mambo ya kufukuzwa nimeshayasahau," akasema. "Kuna kimoja tu kimenikaa. Nimetengeneza mashine maisha yangu yote, na ile sikuijua mpaka leo." Akaweka kisosi chini, akaligeuza sikio lake zima upande wangu. "Ile fyuzi, mwanangu. Ilikuwa inafanya nini?"

Nikavuta kiti karibu, nikachukua vikombe viwili na kifuniko cha birika, nikaanza kumweleza.